Kupiga Picha za Maua na Vyombo vya Nyumbani kwa Mwanga wa Dirisha: Mwongozo kwa Wanaoanza Dodoma

Maswali ya wanaoanza kupiga picha za vitu tuli, yaani maua ndani ya chupa, matunda juu ya sinia, kibuyu, birika na vyombo vingine vya nyumbani, huja kwa mfuatano ule ule: ni simu gani inunuliwe, ni taa gani inafaa, na ni programu gani hurekebisha picha iliyoharibika. Mwongozo huu unaanzia mahali pengine, kwenye dirisha, kwa sababu simu yoyote ambayo lenzi yake haina mikwaruzo inatosha kwa kazi hii, ilhali hakuna simu inayoweza kuliokoa ua lililopigwa picha chini ya taa ya dari saa 2 usiku. Ukishajua tabia ya dirisha lako asubuhi, mchana na alasiri, utakuwa umemaliza sehemu kubwa ya kazi kabla hujaigusa simu.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Karibu vyote viko nyumbani, na vichache vilivyobaki hupatikana kwenye duka la vifaa vya ofisi au la vipodozi kwa bei ndogo.

- Meza ndogo au stuli mbili zilizowekewa ubao juu, ilimradi uweze kuzisogeza bila kuita msaada.
- Karatasi mbili za manila, moja nyeupe na nyingine nyeusi.
- Neti nyeupe iliyochakaa au shuka jeupe jepesi lisilo na mapambo.
- Vitambaa vya rangi moja vya kuweka nyuma na chini: baibui la zamani, gunia la katani lililofuliwa, au upande wa nyuma wa kitenge.
- Vibanio vya nguo, uzi, selotepu, na donge la unga wa ngano uliokandwa ukawa mgumu, ambalo litashikilia tunda au bua lisianguke.
- Kifuko cha mchele au maharage cha kilo 1 cha kuegemezea simu, kama huna stendi.
- Chupa ya kupulizia maji na gliserini kidogo.
- Kitambaa laini cha kufutia lenzi. Kwa vumbi la Dodoma hiki si kitu cha hiari.

Taa ya duara inayopendwa na wapiga video iache kwanza. Mwanga wake hutoka mbele moja kwa moja, hufuta vivuli vinavyoonyesha umbo la kitu, na huacha duara jeupe juu ya kila glasi, kila birika na kila punje ya zabibu.

Hatua za kufuata

1. Chagua dirisha kwa kuangalia mwezi na saa. Miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya na Marekani humwambia msomaji atumie dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa kule jua hupita upande wa kusini na dirisha la kaskazini hubaki na mwanga uliotulia. Ushauri huo ukiufuata Dodoma mwezi Juni, jua litakuingilia hadi mezani. Mji huu uko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, na kati ya nyakati hizo huhamia upande mmoja kisha mwingine. Kuanzia Aprili hadi katikati ya Septemba jua liko upande wa kaskazini, hivyo dirisha la kusini ndilo lenye mwanga laini kutwa nzima. Kuanzia Novemba hadi Februari mambo hugeuka, na dirisha la kaskazini ndilo linalofaa. Mwezi Machi na Oktoba, au kama nyumba yako ina madirisha ya mashariki na magharibi pekee, fuata saa: dirisha la magharibi kabla ya mchana, dirisha la mashariki baada ya mchana.

Kanuni ya kujipima ni rahisi. Nyoosha mkono juu ya meza mahali unapotaka kuweka ua na utazame kivuli chake. Kivuli chenye kingo kali kama kilichokatwa kwa mkasi kinaonyesha kwamba jua linafika moja kwa moja. Kivuli kinachofifia taratibu kuelekea kingoni ndicho unachokitafuta. Mtu anayeishi chumba kimoja chenye dirisha dogo anaweza kutumia mlango ulio wazi, na mara nyingi mlango hutoa mwanga bora kuliko dirisha kwa sababu ni mkubwa na hufika hadi chini.

2. Safisha mwanga kabla ya kuutumia. Nyumba zetu nyingi zina nondo madirishani, na nondo hizo huchora mistari juu ya meza wakati jua likiwa karibu na dirisha. Tundika neti au shuka jeupe mbele ya dirisha zima, ukilibana kwa vibanio ili lisipepee, na mistari itatoweka. Tatizo la pili ni vioo vya rangi. Madirisha ya alumini yenye vioo vya bluu au kahawia huupaka kila kitu rangi yake, na rangi hiyo ni kazi ngumu kuiondoa baadaye. Telezesha kioo pembeni upige picha kupitia sehemu iliyo wazi, huku neti ikizuia vumbi na upepo.

Zima taa zote za chumbani. Hili ndilo kosa ambalo wanaoanza hulirudia kuliko mengine yote: wanadhani taa ya dari itaongeza mwanga, kumbe inaongeza rangi ya pili. Upande mmoja wa chupa utakuwa wa njano na upande wa pili utaelekea bluu, na simu haitajua ifuate upi. Faida yake ni kwamba umeme ukikatika kazi yako haisimami.

3. Weka meza na mandharinyuma. Sogeza meza hadi dirisha liwe ubavuni mwako, kushoto au kulia, na kitu kitakachopigwa picha kiwe umbali wa hatua moja hivi kutoka dirishani. Ukikisogeza karibu zaidi, upande wa dirisha utang'aa na upande wa pili utazama gizani ghafla. Ukikisogeza mbali, mwanga utasambaa kwa usawa lakini utapungua nguvu. Hakuna umbali mmoja ulio sahihi, kwa hiyo jaribu yote mawili na ulinganishe.

Mandharinyuma yawe mbali na kitu, si pungufu ya hatua moja, ili mikunjo na nyuzi za kitambaa zisionekane wazi. Ukitaka nyuma pawe peusi kabisa, tundika baibui mahali ambapo mwanga wa dirisha haufiki vizuri. Weusi wa picha za namna hiyo hutokana na kukosekana kwa mwanga kuliko rangi ya kitambaa. Piga vitambaa pasi kwanza, kwani mkunjo ambao jicho linausamehe huonekana mkubwa katika picha.

Kuhusu kanga, ushauri wangu ni mkali kidogo: usiweke maua juu ya kanga. Ni kitambaa kizuri, lakini kina pindo, mji na jina lake, na ua dogo haliwezi kushindana na vyote hivyo. Kanga ifae kitu kisicho na urembo mwingi, kama kinu au chungu cheusi.

4. Chagua kitu kikuu kimoja. Anayeanza hupenda kujaza meza. Mpiga picha wa Marekani Edward Weston alipiga mwaka 1930 picha ya pilipili hoho moja tu, akiwa ameiweka ndani ya faneli ya bati, na picha hiyo ni miongoni mwa picha za vitu tuli zinazojulikana zaidi duniani. Pilipili hoho na faneli vyote vinauzwa Soko la Majengo.

Kanda ya kati ina vitu vyenye maumbo na ngozi za kuvutia ambavyo watu huvipita kila siku: kibuyu kilichong'arishwa na mikono ya miaka mingi, ungo, chungu chenye masizi, ganda la ubuyu lenye vinyoya laini kama mahameli, karanga zikiwa na maganda yake, na vikaliksi vikavu (vikombe vya nje vya ua) vya choya vyenye wekundu uliokolea. Suke la mtama au la uwele likisimamishwa ndani ya chupa ya kioo hushika nafasi ya ua kwa urahisi, na halinyauki. Kwa sababu hiyo ningependa mtu aanze na masuke kabla ya maua, maana yatamsubiri hadi ajifunze.

Zabibu zinahitaji neno lake, hasa kwa kuwa Dodoma huzivuna kwa kawaida misimu miwili kwa mwaka. Punje mbivu ina utando mweupe mwembamba wa nta unaofanana na ungaunga, na utando huo ndio unaofanya shada lionekane kana kwamba limekatwa sasa hivi. Usilioshe shada, usilifute, na ulishike kwa kikonyo tu, kwa kuwa kila unapoligusa kidole huacha doa linalong'aa. Ukitaka punje zinazometa, osha shada zima. Lililofutwa nusunusu huonekana chafu.

5. Andaa maua mapema. Hewa ya Dodoma ni kavu, hasa kuanzia Juni hadi Oktoba, na ua lililokatwa mchana huanza kulegea kabla hujamaliza kupanga meza. Kata maua alfajiri, bua likiwa limejaa maji, kwa kisu kikali na kwa mshazari, kisha litumbukize ndani ya maji papo hapo. Ondoa majani yote ambayo yangezama majini, kwa kuwa huoza na kuyachafua maji, na maji machafu huonekana wazi ndani ya glasi. Yaache maua yapumzike kivulini ndani ya ndoo kwa saa moja au mbili kabla ya kuanza.

Kila ua lina tabia yake. Bogenvilia, ambayo hustawi hata pale ambapo mvua ni chache, hunyauka haraka ikikatwa. Zile sehemu zake za rangi ni majani laini yaliyogeuka rangi, na ua lenyewe ni kile kijirija cheupe kidogo katikati. Badala ya kusimamisha tawi, viache vichwa vyake vielee juu ya maji ndani ya beseni au bakuli jeusi, ambamo vitakaa vizuri zaidi, au shika tawi dogo mbele ya dirisha ili mwanga uyapenye majani hayo na mishipa yake ionekane. Haibiskasi huchanua siku moja tu, lakini katika siku hiyo hubaki wazi hata bila maji, hivyo unaweza kuilaza juu ya sinia bila wasiwasi. Alizeti ina kichwa kizito. Funga bua lake kwenye kijiti kwa uzi, ukikificha kijiti upande wa nyuma. Ua la mbuyu huchanua jioni na kudondoka mapema, kwa hiyo anayelitaka aamke kabla ya jua kulifikia, na alipige picha asubuhi hiyo hiyo kwa sababu weupe wake hugeuka kahawia upesi.

*Tahadhari:* utomvu wa minyaa, ambayo imepandwa kama uzio sehemu nyingi za Dodoma, unaweza kuyadhuru macho vibaya. Usikate tawi lake kwa ajili ya picha. Oleanda, yenye maua ya waridi au meupe, ina sumu katika sehemu zake zote. Usiiweke juu ya meza moja na matunda ambayo familia itayala jioni, na nawa mikono baada ya kuishika.

6. Panga vitu ukiangalia kupitia simu. Weka kitu kikuu kwanza, kitazame kwenye skrini, ndipo uongeze cha pili iwapo kuna pengo linalokiita. Vitu vitofautiane urefu, na vingine vifunikane kidogo, kwa sababu vikipangwa mstari mmoja vyenye umbali sawa huonekana kama bidhaa za kibandani. Tunda linalobingirika likalishe juu ya kipande cha donge la unga, upande usioonekana.

Matone ya maji kwenye petali hutengenezwa kwa kupulizia maji mara moja au mbili kutoka mbali. Katika hewa kavu hukauka upesi, kwa hiyo changanya maji na gliserini kwa vipimo sawa. Matone yatakaa muda mrefu na yatakuwa ya mviringo zaidi. Matunda yaliyopuliziwa gliserini ya vipodozi yasiliwe.

7. Ongoza kivuli. Simamisha manila nyeupe upande ulio mkabala na dirisha, nje kidogo ya picha. Utaona upande wenye giza ukifunguka: michoro ya kibuyu inatokea, ukingo wa petali unaonekana. Isogeze karibu na mbali hadi upendezwe. Kisha iondoe na uweke manila nyeusi mahali pake, uone jinsi kivuli kinavyozidi kuwa kizito na kitu kinavyopata uzito. Maua mepesi hupendelea nyeupe. Chungu, birika la aluminiamu na masuke hupendelea nyeusi. Jaribio hili dogo hufundisha mengi kuliko kusoma kurasa za nadharia, na halihitaji hata kupiga picha.

8. Tuliza simu na uchague pembe. Futa lenzi. Egemeza simu kwenye kifuko cha mchele au ibane kwenye stendi, na utumie kipima muda cha sekunde chache ili kidole chako kisiitikise wakati wa kupiga. Usiisogeze simu hadi karibu kabisa na ua, kwa sababu lenzi pana ya simu huvimbisha kilicho mbele na mara nyingi hushindwa kulenga kitu kilicho karibu mno. Rudi nyuma kidogo na utumie ukuzaji wa mara 2. Ua moja ndani ya chupa lipigwe kutoka usawa wake, na sinia la matunda au bakuli la bogenvilia lipigwe kutoka juu moja kwa moja. Pembe ya katikati, ile ya mtu aliyesimama akitazama meza, ndiyo anayoichagua kila mtu bila kufikiri, na ni nadra kuleta picha nzuri.

Wenye kamera ya lenzi zinazobadilishwa waanze na tundu la lenzi la f/8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya chini kadiri inavyowezekana, na shata, yaani pazia linalopitisha mwanga, iwe ya polepole kadiri inavyohitajika, kwa kuwa vitu haviendi popote.

9. Lenga, kisha punguza mwanga. Gusa skrini mahali palipo muhimu zaidi: katikati ya ua, au ukingo wa chungu ulio karibu nawe. Shikilia kidole hadi simu ifunge kipimo chake, halafu telezesha chini kidogo ili picha iwe nyeusi kuliko ulivyotarajia. Sehemu nyeupe iliyoungua haina taarifa yoyote tena na hairudi, ilhali sehemu yenye giza inaweza kuinuliwa baadaye. Modi ya kufifisha mandharinyuma iepuke, maana hukata ncha za petali na kingo za glasi kana kwamba zimenyofolewa kwa mkono. Umbali uliouacha katika hatua ya tatu umeshaifanya kazi hiyo.

10. Piga, badilisha jambo moja, piga tena. Sogeza ua au geuza manila au badilisha pembe, lakini si vyote kwa pamoja, la sivyo hutajua ni kipi kilichosaidia.

11. Rekebisha kidogo. Nyoosha picha, kata kingo zisizohitajika, inua vivuli kiasi. Ukijikuta unaongeza ukolezi wa rangi ili ua livutie, rudi dirishani.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Ua jekundu linaonekana kama doa moja lisilo na mikunjo.* Rangi nyekundu hujaa kwenye kihisi cha kamera kabla ya rangi nyingine, hata kama picha kwa ujumla haijang'aa kupita kiasi. Punguza mwanga zaidi wakati wa kupiga, na ugeuze ua ili mwanga ulipate kwa ubavu.

*Kila kitu kina rangi ya njano, kijani au wekundu hafifu.* Hakikisha taa zimezimwa, kisha tazama ukuta. Ukuta uliopakwa rangi kali hurudisha rangi hiyo juu ya vyombo vyeupe, na udongo mwekundu ulio nje ya dirisha hufanya vivyo hivyo jua linapoupiga. Funika ukuta kwa shuka jeupe, au zuia sehemu ya chini ya dirisha kwa kitambaa kinene.

*Birika au glasi inaonyesha chumba kizima, pamoja na mpiga picha.* Chombo kinachong'aa hakipigwi picha chenyewe; kinachoonekana ni vilivyokizunguka. Kizungushie manila pande zote isipokuwa tundu la kupitishia lenzi, vaa nguo nyeusi, na uinue au ushushe simu hadi sura yako isionekane tena.

*Ua linatikisika.* Miezi ya upepo mkali funga kioo na upige picha asubuhi, kabla upepo haujashika kasi. Ua likiwa jepesi mno, lifupishe bua ili likae karibu na mdomo wa chupa.

*Kuna madoa madogo juu ya kitambaa cheusi na juu ya kioo.* Ni vumbi. Linyanyue kwa selotepu iliyozungushwa kidoleni, gundi ikiwa nje; kufuta kwa mkono hulisambaza tu. Kioo kifutwe kwa kitambaa chenye siki kidogo dakika ya mwisho, baada ya mpangilio kukamilika.

*Picha ni safi kwenye simu lakini inaharibika ikitumwa.* Programu za ujumbe hupunguza ukubwa wa picha ili kuokoa bando. Itume kama hati, si kama picha, nayo itafika jinsi ilivyopigwa.